Magunia Kumi na Mawili ya Mbele

Jumatatu, 4 Machi
Msiba! Mke wangu amekwenda kumuuguza mama yake, akaniachia magunia thelathini ya mahindi, jasho lake la msimu mzima. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuyafunika mvua ikija. Wiki iliyopita ikaja. Nilikuwa nimejilaza juu ya magunia hayo hayo, natazama mawingu kupitia tundu la paa, najiona nimevaa suti nyeupe, mwenye kinu changu cha kusagia unga. Leo nimefungua gunia. Kuvu! Ya kijani, laini, karibu ipendeze. Na Alhamisi mpimaji wa shule anakuja kuyakagua ili shule iyanunue.

Jumanne, 5 Machi
Nimezisugua punje kwa kitambaa, nikaziosha, nikazianika. Zinang'aa! Shemeji, kaka wa mke wangu, jirani yetu, mtu wa kuanika kila punje kwenye turubai, akachungulia uani. Akasema sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, tena haionekani kwa macho. Nikamjibu kwamba isiyoonekana haina haja ya kuondolewa. Akaenda zake akitikisa kichwa. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Bawabu wa shule kaninong'oneza kwamba mpimaji hutoboa na kupima magunia ya mbele tu. Basi nikamwambia shemeji kwamba nimeona panya ghalani kwake, alete kwangu magunia yake kumi na mawili. Akaleta, maskini. Nimeyapanga mbele, yetu nyuma. Jua la jioni likapenya paani, vumbi likaelea polepole, nami nikakaa nikiitazama safu ile mpaka chai ikapoa. Safu nzuri namna ile haiwezi kuwa uongo.

Alhamisi, 7 Machi
Mpimaji ni mama mfupi mwenye bambo, ule mrija wa chuma wa kuchomea gunia. Akachoma ya mbele, akayasifu. Moyo ukaniruka! Kisha akavua viatu, akapanda juu ya rundo, akachoma katikati. Akasema kuvu hupenda kujificha humo. Maji yakazidi unga. Magunia yote arobaini na mawili yamekataliwa, kwa kuwa yamelala rundo moja. Shemeji akakaa chini sakafuni.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu karudi. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Aliuliza kitu kimoja tu: binti yetu anakunywa uji pale shuleni, nilitaka anywe nini? Tumeyafukia mahindi yake shimoni. Nimeona aibu, nimelia kweli. Ya shemeji yamepimwa upya, peke yake, yakapita.

Jumapili, 10 Machi
Nimesamehewa! Mke wangu kambembeleza kaka yake, nami nimepewa kazi ya kuyalinda yale kumi na mawili, yangali ghalani kwangu, mpaka lori la shule lije kesho. Kazi yenyewe nyepesi: natia punje na chumvi kavu kwenye chupa, natikisa. Chumvi ikigandia kioo, mahindi yameshika unyevu, nimwite shemeji mara moja. Jana kulikuwa na manyunyu kidogo. Asubuhi nimetikisa. Imeganda. Nimetikisa tena. Imeganda. Shemeji amelala usingizi mtamu, na kumwamsha mtu Jumapili si adabu. Nimeosha chupa, nikaikausha vizuri, nikatia chumvi peke yake. Sasa haigandi hata chembe.