Geji Tatu za Kumshawishi Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Dharau gani hii! Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, anatangaza kila mahali kwamba yeye ndiye atakayembeba bibi harusi Jumamosi. Kwa ile pikapu ya kubebea saruji! Bibi harusi ni shemeji yetu sote wawili, kitinda mimba wa familia. Na mimi nina gari lenye turbo. Turbo! Mama mkwe kasema ataamua yeye, na Ijumaa atapanda magari yote mawili. Safi. Nimenunua geji tatu za ziada: ya presha ya turbo, ya joto la maji na ya presha ya oili. Nimezichagua kwa rangi. Muuzaji akauliza kama nimesoma vipimo. Nikamwambia macho ninayo.

Jumanne, 4 Machi

Fundi hana adabu. Anataka geji ya oili ikae mbele ya dereva, eti ndiyo inayookoa injini. Nikamweleza kwamba mshale wa oili unasimama tu palepale, hauna mvuto, lakini wa turbo ukikanyaga mafuta unaruka. Kwa hiyo ya turbo juu ya dashibodi, ya oili chini kwenye magoti ya abiria. Na zote zimgeukie abiria. Mimi gari langu nalijua, anayetakiwa kushangaa ni mama mkwe. Fundi akauliza, kwani gari anaendesha nani? Nikachukua geji zangu nikaondoka. Sitachekwa na mtu mwenye bisibisi.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga mwenyewe. Nusu siku kichwa chini, miguu juu ya kiti. Ile sensa ya oili, inayopeleka habari kwenye geji, ilileta ubishi kuingia kwenye injini, nikaikaza kwa mkono, ikatulia. Kampira kake kadogo kamebaki. Hivi vitu huwa wanaweka vya ziada. Geji ya turbo inaziba kioo upande wa kushoto, lakini kushoto siendi mara nyingi. Mke wangu kakaa kiti cha abiria, kasema zinapendeza, ila mimi nitazionaje? Hata yeye!

Alhamisi, 6 Machi

Doa la oili uani! Jeusi, kubwa kama sinia! Jana jioni mwanyumba alipita kunitania. Nimempelekea ujumbe mkali atengeneze mkebe wake. Kajibu kwamba aliegesha barabarani, pale uani lilikuwa gari langu. Na uongo juu!

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kapanda. Nikakanyaga mafuta, mshale wa turbo ukaruka, nikamtazama. Hata hakuuona! Macho yote magotini. Kasema, baba, huu wa hapa chini umelala. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba unapumzika. Kasema tulipotoka nyumbani ulikuwa umesimama. Nikaongeza sauti ya redio. Akauliza kama injini huwa inagonga namna ile. Kaanza lini ufundi, mama wa watu? Kwenye kilima cha pili injini ikanyamaza. Aliyekuja kutuvuta kwa kamba ni mwanyumba, huku anapiga mluzi. Mama mkwe akahamia kwake, akatoa uamuzi papo hapo, kamba bado imefungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi. Nimesafiri nyuma ya pikapu, nimekumbatia keki, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Imeniuma, siwezi kuficha. Bibi harusi kabla ya kupanda mbele alinishika mkono, akasema, pole shemeji, mimi nilitaka gari lako. Nusura nilie juu ya keki.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kafungua injini. Imekufa, inatakiwa nyingine. Kanionyesha sensa ya oili imelegea, oili yote imemwagikia njiani. Kisha akauliza, kwa kiburi chake kilekile, safari hii geji zikae wapi. Nimefikiri kwa utulivu. Miaka minne gari hili halijawahi kukosa oili hata siku moja. Imefungwa geji ya oili, siku mbili tu, oili imekwisha. Ushahidi gani tena unatakiwa? Nimemwamuru aing'oe aitupe. Palepale magotini aweke geji ya pili ya turbo, maana huko ndiko mama mkwe anakopenda kutazama.