Pikipiki Inayozimika Mbele ya Mlango wa Fundi Gencho

Vrabchin Dol,
nyumba ya mwisho kabla ya malisho.
Machi 26

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti Karastoyan,
Chama cha Waendesha Pikipiki, bondeni.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni Radoy, mjukuu wa marehemu Metodi. Ni yule kijana anayekaa kiti cha karibu na mlango kila mkutano, ambaye hujawahi kusikia sauti yake. Nakuandikia kwa sababu mbele ya watu maneno yananikauka. Shule niliachia darasa la saba, kwa hiyo pale nitakapokosea naomba usome kile nilichotaka kusema.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ya tarehe tano Aprili padri anabariki pikipiki zote pale uwanjani, na sheria yako inasema kila pikipiki ifike kwa injini yake, siyo kwa kusukumwa. Mjomba Stamen naye ana sheria yake. Ameitangaza mbele ya Bibi: "Hilo dude likifika kwa padri lenyewe, libaki. Lisipofika, Jumatatu nalipeleka kwenye chuma chakavu. Nimechoka kuona linakula nafasi ya mbuzi."

Dude analosema ni pikipiki ya babu, ile nyekundu ya Kicheki. Babu alinifundisha kufungua na kufunga kila nati yake kabla sijajua kuandika jina langu. Mimi ni mtu wa kukaa kimya, Mwenyekiti. Ile ndiyo inayonisemea.

Sasa tangu wiki ya kwanza ya Machi haichaji. Inawaka vizuri, inakwenda vizuri, inakula umeme wa betri mpaka unaisha, halafu inazimika. Nimechunguza kwa makini nani anahusika, nikaona ni Fundi Gencho, fundi wa umeme wa chama chetu. Lawama zangu nimezipa namba.

1. Inazimika mbele ya mlango wake. Nachaji betri nyumbani kwa chaja ya trekta, nateremka kilomita tisa, na nikifika tu kwa Fundi Gencho, kimya. Mara tano sasa. Mara tano, Mwenyekiti! Haijazimika kwa mwoka mikate, haijazimika kwa mwalimu, haijazimika kanisani. Nitaambiwa eti betri inaishia kilomita ya tisa. Sawa. Nani alijenga nyumba kilomita ya tisa? Si yeye?

2. Mita. Fundi wetu mtukufu ana mita ya kupimia umeme, na anaishika kama padri anavyoshika msalaba. Hakuna siku ameniambia karibu. Anasema, "Ngoja tupime." Anaichaji betri kidogo kwanza, halafu, injini ikiwa imezimwa, mita inasema volti kumi na mbili na nusu. Nawasha, navuta mafuta, inashuka mpaka kumi na mbili na kidogo. "Unaona? Ingekuwa inachaji ingepanda mpaka kumi na nne." Nimeona, asante sana. Mgonjwa anakata roho na daktari anamsomea homa yake kwa sauti nzuri.

3. Vipuri. Kwanza alisema, "Betri hiyo imezeeka kuliko Bibi yako." Nikaweka betri mpya. Haikuchaji. Akasema, "Basi ni rektifaya," yaani kile kidude kinachogeuza umeme wa injini ili betri iweze kuupokea. Nikafungua ya pikipiki iliyokufa ya jirani, nikaweka. Haikuchaji. Akasema, "Basi ni koili," yaani zile nyaya zilizoviringwa ndani ya injini zinazozalisha umeme. Akapima zile waya tatu zinazotoka kwenye koili, mbili mbili, kila jozi ikatoa sawa na nyingine. Hapo akavua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kahawani ng'ambo ya barabara: "Koili nzima. Betri nzima. Rektifaya nzima. Mgonjwa hapa ni wewe, Rado!"

Kahawani wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Mfunge waya Rado mwenyewe, huenda yeye atachaji!" Nikacheka na mimi, maana kucheka ni kufupi kuliko kujibu. Lakini wewe nakuuliza: kama kila kitu ni kizima na pikipiki imekufa, imekufa kwa kitu gani? Kwa heshima?

4. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Kila mara, kabla ya mita na baada ya mita, ananiuliza, "Ethi umeangalia?" Anasema ule waya wa ethi, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye fremu. Mtoto wa miaka sita anaujua. Namjibu, "Nimeangalia, Fundi." Mara ya pili, "Ethi umeangalia?" Nimeangalia, Fundi. Mara ya tano akanishika bega kabisa, kwa upole, kama mtu anayeongea na mlevi: "Mwanangu, ethi." Nati ile niliikaza mwenyewe kwa mkono wangu Machi mosi, mpaka spana ikalia. Kuniuliza ni kumtukana babu kaburini. Akataka afungue kiti aangalie mwenyewe. Nikakalia kiti. Chini ya kiti kile sikumruhusu kufungua kwa sababu za kifamilia, ambazo hazihusiani kabisa na umeme.

5. Kwa hiyo, Mwenyekiti, ukiondoa betri, ukiondoa rektifaya, ukiondoa koili na ukiondoa ethi, kinabaki nini? Linabaki jicho. Fundi Gencho ana jicho. Silisemi kwa ubaya. Wengine wana kisukari, yeye ana jicho. Anapoitazama betri, umeme unaingiwa na aibu na kurudi ulikotoka. Hili nalielewa vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nikitazamwa inanitokea hivyo hivyo.

Usiniambie pikipiki haikukingwa. Machi mosi Bibi Tsona alifunga martenitsa, kile kiuzi chekundu na cheupe, kwa kila kitu pale nyumbani: mimi, mbuzi kumi na moja, mti mchanga wa plamu, geti, Mjomba Stamen (alilalamika), na pikipiki. Na kwa Bibi hakitoki mpaka korongo wa kwanza aonekane, hata ukilia. Mwaka jana kile cha pikipiki kilikuwa kwenye usukani, na kahawani walinila nyama mwezi mzima: "Rado, mwanakondoo wako amekua, unamnyoa lini?" Mwaka huu nimekihamishia mahali pasipoonekana na mtu. Lakini kipo. Jicho linalopenya martenitsa ya Bibi Tsona si jicho la kuachiwa litembee ovyo kijijini.

Kwa sababu hizo naomba chama kinisaidie haya:

Kwanza, mita ya Fundi Gencho ifungiwe kabatini mpaka baada ya baraka, ufunguo akae nao padri.

Pili, siku hiyo Fundi Gencho asimame akitazama ukuta wa kanisa. Kama ataona ni kudhalilishwa, basi aende kwa dada yake mjini. Begi lake nitambebea mimi mpaka kituoni, kwa miguu, maana usafiri sina, na anajua kwa nini.

Tatu, padri aanze kumbariki Fundi Gencho kabla ya pikipiki yoyote, na maji yasipimwe kwa kijiko. Ndoo nitaleta.

Nne, kama hayo yote ni magumu, basi sheria ibadilishwe kidogo tu: pikipiki ikisukumwa na wanachama ihesabiwe imefika kwa injini yake, kwa sababu wanachama ni wa chama, na pikipiki ni ya chama, kwa hiyo ni kitu kilekile kimejisukuma.

Najua naomba mengi. Lakini Mjomba ameshapima upana wa geti kwa ajili ya gari la chuma chakavu, nimemwona. Alipima mara mbili. Jumatatu akija kuichukua sitaweza kumwambia kitu, najijua. Nitamfungulia geti.

Nisalimie mke wako, na katibu, na mtunza hazina, na yule mbwa wa chama asiye na mwenyewe. Nisalimie wa kahawani wote, hata yule wa kunifunga waya. Bibi anakusalimu, amesema uje uchukue maziwa ya mgando. Mjomba hajui kama naandika.

Ni mimi mwanachama wako wa karibu na mlango,

Radoy, wa marehemu Metodi

Nyongeza, Machi 30.

Barua hii nimeiandika siku nne na karatasi za Bibi zimeisha, kwa hiyo nyingine siandiki. Naandika nyongeza hapa hapa pembeni.

Leo asubuhi korongo ametua kwenye bomba la moshi la shule. Bibi ameshangilia mpaka mbuzi wakashtuka, akasema, "Haya, vueni, mkafunge kwenye mti uliochanua!" Basi nikafungua kiti, nikalegeza nati ya ethi, kwa sababu ndipo nilipokuwa nimekificha kile kiuzi Machi mosi. Kilikuwa katikati ya kichwa cha waya na fremu, kimebanwa bapa, upande mmoja mweusi. Kumbe chuma kilikuwa hakigusi chuma vizuri. Halafu nikapasugua kwa msasa, nikakaza chuma kwa chuma.

Nimeteremka taa ikiwaka. Kwa Fundi Gencho haikuzimika. Nikapita, nikageuza, nikapita tena. Kahawani wakasimama. Fundi akatoka na mita yake, akapima, akasema, "Kumi na nne nukta mbili. Umefanya nini?"

Nikasema, "Ethi."

Akasema, "Aa." Basi. Hakuongeza neno, na alikuwa na haki ya kuongeza mengi.

Kwa hiyo Jumapili nakuja kwa injini. Hiyo barua juu, Mwenyekiti, naomba usome salamu tu. Ila ombi la padri kumwanzia Fundi Gencho libaki, kwa sababu nyingine. Ndoo bado nitaleta.

Alipoingia ndani kurudisha mita, kiuzi nimekifunga kwenye mti wake wa plamu, ule wa kando ya mlango, umechanua vizuri. Akikuuliza ni cha nani, usimwambie. Kina alama ya nati. Ataijua.