Gadi ya Kuangushwa

Tom Oduor alikuwa amesimama nje ya gereji ya Sadrudin pale Kisumu, akitafuta kivuli na mtu wa kumwomba sigara, siku alipogundua kwamba mtu anaweza kuuziwa mguu wake mwenyewe.

Bwana shamba mmoja alipita na pikipiki, akateleza kwenye oili, akaanguka ubavu. Watu wakakimbia kwenda kuokota vipande vyake. Hakukuwa na vipande. Bwana shamba aliinuka, akapangusa suruali, akauliza kofia yake iko wapi. Mbele ya injini, pikipiki yake ilikuwa na chuma kilichopinda kama pembe za fahali, kile ambacho mafundi hukiita gadi. Gadi ndiyo iliyogusa lami. Mguu ulibaki salama ndani ya soksi yake.

Kila mwenye pikipiki katika ule umati aliinama akautazama mguu wake. Tom aliyaona macho yale.

"Hawa hawatanunua chuma," akajiambia. "Watanunua miguu."

Alinunua kwa Sadrudin gadi moja tu, ya chuma cha kweli, akaifunga kwenye pikipiki yake nyekundu. Pikipiki hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani. Ilikuwa duka lake, jukwaa lake, na njia yake ya kuondoka mahali kabla maswali hayajaanza. Bila hiyo angerudi kubeba magunia bandarini, kazi ambayo mgongo wake uliikataa kwa heshima zote.

Gadi za kuuza alizitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Nyalenda. Alichukua mabomba ya maji ya plastiki, akayapasha juu ya jiko la makaa, akayapinda, akayapaka rangi ya fedha. Zilipokauka zilimeta kuliko ile ya kweli. Ni jambo la kusikitisha, lakini ukweli kila mara una kutu kidogo.

Gereji hakukanyaga, maana gereji ina macho mengi. Yeye alikuwa fundi wa kuja nyumbani. Aliingia bomani, akasalimu mpaka mbwa, halafu mbele ya watu wote akaiachia pikipiki yake nyekundu ianguke ubavu. Akaiinua, akafuta vumbi kwa leso, na kusema kwa sauti ya mazishi, "Huo ulikuwa mguu wako, Mzee. Saa hii tungekuwa tunautafutia mbao." Kisha alimfungia mteja plastiki kwa spana na kuhema kwingi. Kuhema ni nusu ya ufundi.

Mjini Maseno alifanya biashara nzuri mpaka joto la injini lilipofika kwenye gadi ya mwalimu mmoja. Ililegea ikaning'inia kama mkia wa mbwa aliyenyeshewa. Siku hiyo Tom alikuwa tayari njiani kwenda Usenge, kwa wanunuzi wa samaki.

Huko aliingia kwa Mama Adero, mfanyabiashara wa samaki, mwanamke mpana mwenye maneno machache. Pikipiki yake ilikuwa jikoni, nyekundu kama ya Tom, muundo ule ule, na kuku ameketi juu ya kiti.

"Inatembea, Mama?"

"Ilikuwa inatembea. Kabureta ikakufa. Nimeitafuta mpaka Kisumu, wananiambia ngoja. Mimi naweza kungoja, samaki hawezi. Wenzangu wanafika soko asubuhi, mimi nafika na bei ya jioni. Mwezi mwingine hivi, nitakuwa nauzia paka."

Tom alikaribia kumkumbatia kuku. Pikipiki isiyotembea haianguki, na injini isiyowaka haiyeyushi kitu. Alikuwa ameota wateja wengi, lakini huyu hakuwahi kumwota.

"Mama, kabureta itapatikana," akasema. "Lakini siku itakapopatikana utakuwa na haraka, na mwenye haraka ndiye huanguka. Funga gadi sasa."

Akafungua mzigo, akamkabidhi moja inayometa. Mama Adero aliipokea kwa mkono mmoja, akaiinua kidogo, akaiteremsha, akairudisha. Tom akaiangusha pikipiki yake, akaiinua, akatoa hotuba yake ya mguu na mbao.

"Nataka hiyo," akasema Mama Adero.

"Ipi?"

"Hiyo iliyoanguka."

"Hiyo ni ya maonyesho tu, Mama. Imekwaruzwa. Wewe nakupa mpya."

"Nyathina, mwanangu, mimi nauza samaki. Yule wa juu ya karai ndiye wa maonyesho, na ndiye mzuri. Wale wa chini tunawauzia watu wa mbali." Akaelekeza kidole kwenye gunia mlangoni. "Nipe hiyo, uchukue gunia zima la omena."

Tom alilitazama gunia la vidagaa. Kwa omena ile angenunua gadi ya kweli nyingine na bado akala mwezi. Akachukua spana. Hiyo ikawa biashara halali ya kwanza maishani mwake, na wakati wa kukaza nati alihisi kama homa inaanza.

Alipomaliza, alifunga ile ya plastiki kwenye pikipiki yake mwenyewe. Muuza gadi asiye na gadi ni kama mganga mwenye kikohozi.

Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni wakati jirani wa Mama Adero alipoingia, Dalmas Ogola, katekista, mwembamba, suruali imebanwa kifundoni kwa kibanio cha nguo.

"Omera, ndugu yangu, wewe ndiye mtu wa gadi?" akauliza. "Nimesikia unaangusha pikipiki na haivunjiki. Pikipiki za makatekista wote wa parokia zitahitaji hicho kitu. Lakini lazima nione kwa macho yangu."

Makatekista wote wa parokia. Masikio ya Tom yalisikia kengele za kanisa. Miguu yake ilisikia kitu kingine, ikaanza kurudi nyuma.

"Nimeshaangusha leo, Mzee. Muulize Mama."

"Mama aone yeye, niamini mimi? Hata Tomaso alishika kidonda."

"Iangushe tu, jakisumu, mtu wa mjini," akasema Mama Adero. "Si ni kazi yako?"

Tom aliisukuma pikipiki mpaka kwenye nyasi laini.

"Barabarani kuna nyasi?" akauliza Dalmas.

Akairudisha kwenye mawe. Akaishika kwa mikono miwili, akaiteremsha polepole kama anayemlaza mtoto, akiwaza makatekista. Lakini pikipiki ina uzito kuliko mtoto, na mikono yenye sabuni huteleza. Ilianguka. Gadi ikalia *kacha*, kama muwa unaovunjwa na meno. Injini ikakaa juu ya jiwe. Oili ikatoka, nyeusi na ya polepole, ikatafuta njia yake kwenda ziwani.

Dalmas aliokota kipande, akachungulia ndani yake kama darubini.

"Yawa," akasema. "Hii inafaa kumwagilia sukuma wiki."

Tom alipiga magoti kando ya injini. Ufa ulikuwa mpana wa kuingiza kidole.

"Mwalimu wa Maseno ni shemeji yangu," akasema Mama Adero bila kupandisha sauti. "Alinipigia simu, akanieleza habari za gadi iliyogeuka mkia wa mbwa. Na hata asingenieleza, mimi hupima samaki kwa mkono. Chuma gani chepesi kuliko tilapia?"

"Mama..."

"Sasa sikia. Chifu anakaa pale karibu, na anapenda sana wageni. Ama twende tumsalimu, ama ufungue kabureta yako, uifunge kwangu. Injini yako haiihitaji tena. Omena ni zako, tulikubaliana."

Tom alimgeukia katekista kama mtu wa mwisho duniani. "Mzee, na zile pikipiki za parokia?"

"Nilisema zitahitaji gadi," Dalmas akajibu kwa upole. "Zikija. Kwa sasa tuna baiskeli."

Kwa mara ya pili siku ile Tom alifanya kazi halali, na safari hii hakuhema hata kidogo. Pikipiki ya Mama Adero ilikohoa, kuku akaruka nje, injini ikawaka. Mama Adero akasimama akiisikiliza, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Alifunga karai lake la samaki nyuma, akakaza leso kichwani, akapanda mbele.

"Nakwenda soko la Kisumu. Panda, gunia weka mapajani."

Tom akapanda, amekumbatia omena. Akaichungulia gadi ya chuma ikimeta mbele ya miguu ya Mama Adero, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe ikining'inia nyuma, mitupu.

"Mama," akasema, "twende polepole."

"Nimechelewa soko mwezi mzima," akajibu, akavuta mafuta. "Shika vizuri. Gadi inalinda dereva."