Ombi la Kuushusha Mji Wetu Mita Elfu Moja na Mia Sita

Mheshimiwa Meya, Obbo Gemeda,

Salamu kwako na kwa wote walio ofisini mwako, hasa mlinzi wa getini, ambaye jana alinipa kiti kabla sijamwomba.

Mimi ni Nejib Yusuf, mwalimu wa jiografia. Nilihamia hapa kutoka Dire Dawa miezi mitatu iliyopita, kumfuata mke wangu Shashitu, muuguzi na mzaliwa wa mji huu. Kule bondeni nilikuwa bingwa wa mbio za walimu miaka minne mfululizo. Sisemi kwa majivuno. Kikombe kipo sebuleni, anayetaka aje akione. Kwa miaka kumi na mmoja nimewafundisha watoto kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba ni kweli.

Kwa heshima zote naleta malalamiko yafuatayo:

1. Hewa ya mji haitoshi. Asubuhi ya kwanza nilitoka kukimbia kama nilivyozoea, kwa mwendo wa bingwa. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga shayiri, mita mia nne tu kutoka mlangoni kwangu, nilikuwa nimeinama, mikono magotini, nikiitazama ardhi. Msagaji, Tolosa, akatoka amejaa unga hadi kwenye kope.

"Mwalimu, umedondosha nini?"

"Pumzi."

"Basi kaulize stendi. Labda imebaki kwenye basi lililokuleta."

Wateja wake wakacheka kwa pumzi tele. Naomba uchunguzi ufanyike: wao wanaipata wapi?

2. Mama Likitu. Huyu ni bibi wa miaka sabini na kitu, muuza maziwa. Siku ya tano alinikuta kilimani akawa sambamba nami. Narudia, Mheshimiwa: mimi nilikuwa nakimbia, yeye anatembea, na mtungi umejaa mgongoni.

"Mwanangu, unafanya mazoezi au unaumwa?"

Akaniuliza mke wangu hajambo, ndizi Dire Dawa ni bei gani, na kama wazazi wangu wangali hai. Sikuweza kujibu hata moja. "Maskini, kijana mpole," akasema, akanipita.

3. Kocha Hunde wa klabu ya mbio ya mtaani kwetu alinionya mapema. "Mwezi mzima nenda taratibu, Mwalimu. Damu yako bado ya bondeni."

Nikamjulisha kwamba mimi ni bingwa.

"Bingwa wa wapi?"

Nikamtajia.

"Pazuri," akasema. "Kuna joto."

Kwa hasira ya neno hilo nilijiunga na wasichana wake wakipanda mlima. Nilizinduka nikiwa juu ya gari la farasi la mzee mmoja, katikati ya magunia mawili ya viazi, wanafunzi wangu wakinisindikiza kama bwana harusi. Kesho yake darasani niliuliza athari za mwinuko kwa binadamu. Bontu, binti wa dawati la mbele, akanyoosha mkono: "Mwalimu, tutaje zote, au zile tulizoziona jana?"

Jioni hiyo nilimwambia Shashitu kwamba nafungasha, narudi kwetu. Hakunizuia. Alinimiminia kahawa, kisha akasema, "Mimi kule nilikaa miaka sita na lile joto, Nejib. Ulipokuwa umelala nilikuwa nashuka sakafuni kutafuta ubaridi. Sikukwambia." Hili nalo nalilalamikia rasmi, kwa kuwa liliniondolea sababu pekee ya kuondoka.

4. Huruma iliyokithiri. Tangu hapo Kocha ananilazimisha kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea. Natakiwa kutaja mito ya nchi kwa sauti. Nikishindwa kumalizia jina, natembea. Mwezi wa kwanza sikuvuka Awash, mto wa kwanza kwenye orodha. Isitoshe, wasichana wakishafika juu hugeuka, wakashuka kunifuata ili nisiwe peke yangu. Mmoja wao ameshinda mbio ng'ambo. Mtu wa namna hiyo sasa anaujua mkoromo wa pumzi zangu. Hadhi ya ualimu iko wapi?

Kwa hiyo naomba mji ushushwe mita elfu moja na mia sita, matingatinga ya ushirika yaanzie pale kwenye mashine ya shayiri. Ikishindikana, Mama Likitu azuiwe kisheria kumpita mtumishi wa serikali mbele ya wanafunzi. Na hilo nalo likishindikana, mada ya mwinuko iondolewe kwenye mtihani mpaka mwalimu apone.

Nisalimie familia yako, madiwani wote na farasi wa mzee aliyenibeba, ambaye sikupata nafasi ya kumshukuru.

Ni mimi, mkazi wako mtiifu nisiye na pumzi,
Mwalimu Nejib Yusuf

N.B. Barua hii ilichelewa kutumwa kwa kuwa niliteremka Dire Dawa kwenye harusi ya mdogo wangu. Asubuhi nilikimbia na walimu wenzangu wa zamani. Kufika kilomita ya sita niligundua kwamba naongea peke yangu. Mwalimu Zekaria, aliyekuwa wa pili nyuma yangu miaka yote minne, akapaza sauti kutoka nyuma, "Nejib, ndugu yangu, punguza! Wanakulisha nini huko?" Kwa hiyo nafuta maombi yote, mita hizo zisiguswe hata moja. Zekaria anapanda kwetu Jumamosi kujionea mwenyewe. Nakusihi, Mheshimiwa, asiambiwe lolote kuhusu hewa. Nitampokea stendi nikiwa nimeshavaa viatu vya kukimbilia.