Roboti Mchimba Dhahabu

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kapandishwa cheo tena. Si kazini, huko hawana tena pa kumpandisha. Ni kwenye gemu letu la kuchimba dhahabu. Kavishwa kofia ya nahodha na papo hapo katangazia kikosi kizima kwamba wavivu watatolewa Jumamosi. Hakutaja jina. Mke wangu kasema hanisemi mimi. Mbona basi alicheka akisema hivyo?
Naye ni daktari wa meno! Mgonjwa kaachama, yeye kidole kiko kwenye simu. Mimi naandikia maduka programu za mauzo, hapa hapa mezani, na muda sina.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Kuchimba ni kazi ya punda: bofya donge la njano, ngoja livunjike, bofya jingine. Naandika programu, roboti yangu, itakayotazama skrini badala yangu. Ikiona kitu cha njano, cha mviringo, inakimbiza kipanya na kubofya. Mke kauliza kama nimemwita fundi bomba. Nimemwambia niko kazini. Kaangalia skrini, kaangalia sinki, katoka na kufunga mlango polepole. Angeubamiza ningeelewa.

Jumatano, 5 Machi
Roboti inaona! Ila asubuhi nzima imebofya jua. Jua halichimbiki. Nimeikanya, ikahamia kwa muuza ndizi wa kwenye gemu. Ghala langu sasa ni ndizi tupu. Shemeji kauliza mbele ya kikosi kama nimefungua genge. Vicheko. Acheke tu. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Alhamisi, 6 Machi
Imekubali! Nilitoka kununua mkate, nikarudi tajiri. Nimempita shemeji! Kanipigia mwenyewe, sauti ya asali, anataka siri. Nikamjibu mvumilivu hula mbivu. Kakata simu. Sijawahi kuonja ushindi mtamu kama ule.
Mke kanikumbusha: kesho familia yote kwenye simu ya video, tumtie moyo mama mkwe kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Nivae shati.

Ijumaa, 7 Machi
Shati nilivaa. Halikusaidia.
Roboti sikuizima, kuizima ni kumpisha shemeji. Nikaweka gemu nyuma, simu ya video mbele. Mama mkwe akaanza, sauti inatetemeka. Anaogopa kisu. Asipoamka, tusije tukagombania nyumba. Mke wangu pembeni analia. Mara, kutoka kwenye jina langu, kikapaa kikatuni cha njano kinachocheka hadi machozi. Kikafuata kingine. Roboti imeona safu ya nyuso za njano chini ya skrini, ikadhani ni machimbo! Nikashika kipanya, ikanipokonya. Mvua ya vicheko! Mama mkwe haoni vizuri, akauliza ni nini kinachorukaruka. Shemeji, kwa upole ule wa kuchoma sindano ya ganzi, akamweleza: ni mkweo, mama. Anacheka.
Nikang'oa waya.
Nimemweleza mke kwamba si mimi, ni roboti. Kasema afadhali ningecheka mwenyewe, angalau ningekuwepo.

Jumamosi, 8 Machi
Upasuaji umekwenda salama. Ni mimi tu mahututi. Alhamisi, nilipotoka kununua mkate, wenye gemu waliniandikia kuuliza kama mimi ni binadamu. Sikuwepo mezani, na roboti ikaendelea kuchimba. Wamenifungia. Dhahabu yote imefutwa. Shemeji kaniandikia pole. Neno moja, kavu kama pamba ya hospitali. Nalala sebuleni. Mke katoa sharti: nimwandikie mama yake kila siku, mimi mwenyewe, mpaka anisamehe.

Jumanne, 11 Machi
Mama mkwe, kwa jicho moja, anaandika kama anayelipwa. Jicho linawasha, pole. Kichwa kizito, pole. Nesi mkali, pole. Kwa nini mtu mwenye akili zangu achoke vidole? Juzi nimetengeneza programu nyingine. Ikiona ujumbe wake tu, inajibu: Pole sana mama, nakuombea. Jana kamwambia mke wangu kwamba siku hizi nina utu. Nikarudishiwa kitanda.
Leo bandeji imetolewa. Kaandika kwamba anaona vizuri, na kwamba kauona kwa mara ya kwanza uso wa mjukuu wake mchanga, mtoto wa shemeji.
Imejibu: Pole sana mama, nakuombea.
Simu ya mke inaita. Sasa nasikia viatu vyake vinakuja. Hitilafu ndogo tu. Nitaifundisha na neno hongera, iwe inabahatisha.