Shairi Langu la Sifa Huko Kirua Vunjo

Jumatatu, 16 Juni
Nimefika Kirua Vunjo. Baridi! Kwetu Njoro, kule mjini, watu wanatembea na fulana, huku hata ng'ombe anatoa moshi puani. Nimekuja kujitolea, kufundisha watoto walio likizo kwenye ukumbi wa parokia. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama. Ukweli ni huu: Madam Winfrida, mlezi wa wanafunzi chuoni, anatafuta kijana mmoja wa kwenda mkutano Kigali. Kwa ndege! Ijumaa atapanda huku mlimani kututazama. Anapenda vijana wenye moyo wa kujitolea. Nitakuwa nao moyo huo mpaka Ijumaa.

Kasoro moja: Jesse. Tunasoma naye darasa moja. Amefika kabla yangu, na mpira mkononi. Watoto wamemganda kama siafu. Mnafiki!

Nimefikia kwa Mama Mektrida, mwenye kihamba cha kahawa na migomba, na ng'ombe mmoja anayeitwa Malaika. Amenipa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Nikaongeza. Nikaongeza tena.

Jumanne, 17 Juni
Nimetoa somo: "Kijana na Maono". Nimechomekea Kiingereza ili wajue wako na nani. Mtoto mmoja akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kisha mwingine. Kisha benchi zima. Nimechungulia dirishani: wote wako kwa Jesse, wanasoma hadithi kwa sauti na kuangua vicheko.

Amebaki mmoja tu, Gladys wa Mama Mektrida, darasa la pili. Nikamsifu kwa kupenda maono. Akasema hapana, amebaki kwa sababu kule kwa Jesse kila mtu anapewa zamu ya kusoma. Herufi anazijua, kuziunganisha hawezi, na wenzake humcheka.

Maskini. Lakini subiri. Subiri kidogo!

Jumatano, 18 Juni
Mpango kamili. Mtoto asiyejua kusoma anasimama mbele ya Madam Winfrida na kusoma. Anasoma nini? Shairi la kunisifu mimi! Jesse kwisha habari yake. Nimelitunga kabla ya chai:

Ee Thadeus, nuru ya kijiji,
umetushibisha bila kuchoka,
bila wewe tungekonda sote.

Asubuhi yote tumekwama kwenye "Tha". Nikafoka. Gladys akatupa karatasi na kukimbia. Mama Mektrida hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba, kama nimemaliza kufundisha, panga liko pale, nimkatie ng'ombe majani.

Nimeingia bandani na mzigo wangu. Gladys alikuwa kajificha humo, anachora herufi ukutani kwa mkaa na kumsomea ng'ombe. "Ma. La. I. Ka." Kisha kwa pamoja, polepole: "Malaika." Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, ila ng'ombe hachekagi.

Basi, tumehamia bandani. Viatu vyangu vyeupe, kwaherini.

Alhamisi, 19 Juni
Amesoma mstari mzima! Nimepiga kelele mpaka Malaika akarusha teke na kumwaga ndoo ya maziwa. Mama Mektrida akaja mbio akidhani ni mwizi. Nikaanza kujitetea. Gladys akamsomea mama yake ule mstari. Mama akakaa chini, pale pale kwenye maziwa, akamwambia asome tena.

Kitu kimenibana kifuani. Nadhani ni kiburu, chakula cha huku. Nilikula sahani mbili, na ndizi na maharage havina mchezo.

Ijumaa, 20 Juni
Ukumbi umejaa. Madam Winfrida mbele, pembeni yake Padre Sirili. Gladys kasimama na karatasi yake. Nyuma mtoto mmoja akacheka. Nikajikuta nasali, na wala si kwa ajili ya Kigali! Nilisali amalize tu.

Akasoma: "Ee Malaika, nuru ya kijiji..."

Malaika? Jina langu liko wapi? Padre akafumba macho kwa ibada. Gladys akasoma mpaka mwisho, hakukwama popote. Madam akafuta machozi, akauliza ni malaika yupi, Gabrieli au Mikaeli.

"Ng'ombe wetu," Gladys akajibu.

Ukumbi ulilipuka. Hata yule aliyemcheka alipiga makofi. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kwa nini kanifuta.

"Kaka, shairi linasema katushibisha. Wewe unakulaga tu. Halafu jina lako ni gumu."

Kigali anakwenda Jesse. Nilitaka kukasirika, lakini nilikosa nafasi. Gladys alikuwa ananiburuta huku na huko akisoma kila kitu: gunia la mbolea, kalenda ya parokia, maandishi ya kwenye fulana yangu. Kila akimaliza ananitazama usoni. Sikumbuki kama mtu yeyote amewahi kunitazama hivyo.

Jumapili, 22 Juni
Gari la kurudi mjini limeondoka. Sikupanda. Gladys kaleta wenzake watatu bandani, nao herufi haziungani. Nimesema nabaki wiki moja tu.

Nimebadilika. Sifa ni upuuzi, sasa naliona hilo wazi. Mtoto akisoma, inatosha. Kuanzia leo nitafanya mema yangu kimya kimya, bila mtu kujua.

Nimemwomba Padre Sirili alitangaze hilo kanisani. Nimesisitiza iwe misa ya pili, maana ya kwanza huwa na watu wachache.