Dakika Zangu Mbili Bungeni

Jumapili, 9 Februari 2025. Bowie, Maryland.

Baada ya misa mke wangu Elieth kaleta barua mezani. Inamhusu mama yake, Mama Euphrasia, mwenye kisukari, tunayeishi naye. Kuanzia Machi bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo haitamlipia tena Daktari Bupe. Sababu: anatibu kwa video tu, yuko Minnesota, na hana ofisi katika jimbo letu.

Mama kakasirika. Kwa daktari wa hapa jirani mkalimani alikuwa binti yetu Queen, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mama kasema nyayo zinawaka moto, daktari akaandika kwamba bibi anasikia joto, anywe maji. Bupe ndiye aliyeuliza kwa Kiswahili, ndiye aliyegundua kidonda mguuni. Ndio kwanza kimeanza kufunga. Mama kasema Bupe akiondoka, yeye na madaktari basi tena.

Nimewaambia watulie. Mwenye akili ya mipango katika nyumba hii ni mimi, Gervas.

Jumanne, 11 Februari.

Wanataka ofisi? Watapata ofisi. Nimetoa mashine ya kukata nyasi gereji, nimetandika zulia, nimepachika kibao: KLINIKI YA DAKTARI BUPE. Maua ya plastiki pia. Nikampigia daktari kumpa habari njema. Akaniuliza kwa upole kama najua leseni yake ilimchukua miaka mingapi, na kama najua adhabu ya kudanganya serikali. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, simtozi kodi. Akakata simu.

Maua nimempa Elieth. Kauliza yametoka wapi. Nimesema moyoni.

Alhamisi, 13 Februari.

Kapiga simu Honorata. Muuguzi, anakaa Springfield, kila jambo la Watanzania huku lazima alijue kabla yangu. Kasema upo muswada katika bunge la jimbo, Annapolis: daktari wa tiba mtandao mwenye leseni ya jimbo alipwe na bima ya serikali hata kama hana ofisi hapa. Kamati itasikiliza wananchi Jumatano. Ameshamwandikisha Mama atoe ushahidi kwa video.

Mama! Mtu wa maneno matatu kwa siku. Nimejiandikisha haraka na mimi, tena ana kwa ana. Cheo: Mlezi wa Jumuiya. Hakuna aliyenichagua, lakini hakuna aliyepinga.

Jumatatu, 17 Februari.

Hotuba imefika kurasa kumi na moja. Honorata kanionya kila mtu ana dakika mbili, nianze na kidonda na nimalize na kidonda. Dada huyu sijui kalelewa na nani. Utaanzaje kusema mbele ya waheshimiwa bila kuwatambua? Nimekuwa mshereheshaji wa harusi kumi na tisa. Anayesema tu "itifaki imezingatiwa" na kuendelea, huyo ni mvivu. Mimi hutaja mmoja mmoja.

Jumatano, 19 Februari.

Suti ya kijivu. Nikaitwa. Nikamtambua mama mwenyekiti. Nikamtambua makamu wake. Nikawatambua wajumbe wote, majina ishirini na mawili, kwa kichwa. Nikawatambua makarani, mlinzi wa mlangoni, na waliotangulia mbele ya haki. Ndio kwanza nafikisha salamu za Bowie, taa nyekundu ikawaka. Mwenyekiti akanishukuru, akauliza kama naunga mkono muswada au naupinga. Nikajibu kwa kirefu, lakini kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

Kisha Mama akatokea kwenye skrini, kitenge begani, Honorata kando yake akitafsiri. Kasema mguu huu ungekatwa. Daktari Bupe alimuuliza kwa Kiswahili unauma au umekufa ganzi, na hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza. Anaomba aendelee kuulizwa. Basi. Haikufika dakika moja. Mwenyekiti akavua miwani.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Ijumaa, 4 Aprili.

Muswada umepita! Honorata kaleta keki, majirani wanampongeza Mama. Sawa, apongezwe. Lakini waheshimiwa walilainishwa na nani? Shamba hulimwa kabla ya kupandwa. Nimemweleza Elieth hivyo. Kajibu ndiyo, ndiyo, huku akiosha sahani. Mke wangu hapendi kunisifu mbele ya watu, hasa wakiwa hawapo.

Jumanne, 1 Julai.

Sheria imeanza kazi leo, na miadi ya kwanza ya Mama ni leo. Saa nne asubuhi, kwa dakika ishirini. Miezi minne kaingoja. Bendeji kaifungua mwenyewe, mguu kauweka juu ya stuli mbele ya kompyuta. Daktari Bupe akatokea, Mama akatabasamu mpaka nikaona pengo.

Siku kubwa kama hii haianzi hivihivi. Nikasogeza kiti. Nikamtambua daktari. Nikawatambua wazazi wake waliomsomesha, watu wa Minnesota, kamati nzima ya bunge. Nikagusia mchango wangu, kwa ufupi. Nilipomkaribisha Mama aseme, zilibaki dakika mbili. Daktari akauangalia mguu, akasema kidonda hakijaharibika ila anataka kukiona vizuri, miadi ijayo iwe tarehe kumi na saba. Mama akafunga bendeji polepole, akinitazama. Nadhani aliguswa.

Na safari ijayo Daktari kasema mwenyewe atatenga dakika arobaini. Kwa hiyo kapenda. Nafasi itatosha kuwataja na wauguzi.